Ile Video ya Kipa Wangu

Najua mnayo kwenye simu zenu, msinifiche. Kila ninapopita hapa Iringa, niwe sokoni au Mlandege kwa fundi wa viatu, sikosi kukutana na kijana anayenichekea pembeni. Akishapata ujasiri ananiuliza, "Mwalimu, hivi yule kipa wenu alikuwa anaongea na nani?"

Ile video imezunguka nchi nzima. Ni fainali ya mashindano ya taifa ya vyuo, polo ya majini, wanaume. Kipa wetu mwenye kofia nyekundu anaibuka kutoka chini ya maji na mpira mkononi. Ameuokoa vizuri kabisa, hata adui angempigia makofi. Halafu badala ya kuutupa mbele, anageukia ukingoni na kuanza maongezi. Mpinzani anakuja polepole nyuma yake, anaupiga ule mpira kibao, goli. Kuna mtu ameiwekea na muziki juu yake. Mnacheka mpaka machozi.

Chekeni tu. Hata mimi nimewahi kuicheka, sikatai. Lakini sasa nimestaafu, filimbi yangu inaning'inia kwenye msumari jikoni, na baadhi yenu ndio mnaoanza kazi hii niliyozeekea. Mtafundisha vijana kuogelea, mtakuwa na makipa wenu, na wazazi wa makipa hao watawapigia simu. Kwa hiyo nitawaeleza alikuwa anaongea na nani. Ila sianzii hapo. Naanzia kwenye miguu.

Kwa asiyeujua, mchezo huu ni kama mpira wa mikono, isipokuwa mnauchezea majini, timu saba kwa saba, na hamruhusiwi kukanyaga chini. Mpira unaushika kwa mkono mmoja. Ukiushika kwa miwili, filimbi inalia. Kipa peke yake ndiye anayeruhusiwa mikono yote miwili. Sasa mchezaji anasimama juu ya nini, mikono ikiwa kazini na chini hakukanyagiki? Anasimama juu ya miguu yake inayozunguka. Mmoja unazungukia huku na mwingine kule, bila kupumzika, kama mpishi anayesonga ugali wa shule nzima kwa miiko miwili.

Mimi niliita kusonga. "Songa! Songa! Ugali unaungua!" Wageni wa chuo wakipita nje ya uzio walidhani ninafundisha upishi.

Na kusonga hakuanzi majini, msije mkawatesa watoto wa watu. Mkalishe kijana kwenye kigoda ukingoni, makalio yaguse ncha tu, azungushe miguu hewani mpaka nyonga zimuume na akuchukie. Akishakuchukia vya kutosha, mwingize majini ashike ukingo. Halafu aachie mkono mmoja, halafu wa pili. Mwisho unampa ndoo tupu aishike juu ya kichwa kwa mikono miwili, na wewe unaanza kuijaza maji kidogo kidogo kwa kikopo. Ndoo ikishuka anaoga. Nimewahi kuwa na nahodha aliyekuwa anasimama majini na ndoo kichwani huku akijibu simu ya mchumba wake kwa sauti ya juu, mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni. Alimwambia yuko maktaba.

Sikuzaliwa na ujuzi huu. Mimi ni mtoto wa Rungwe, kwetu maji ni ya mvua na ya chai. Niliajiriwa chuoni kufundisha netiboli. Bwawa la kuogelea lilikuwepo, lakini wenyeji wake walikuwa vyura. Aliyenitia kwenye mkosi huu mtamu ni marehemu Mzee Kanti, Mhindi aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Ujana wake alisoma ng'ambo na huko alicheza polo mpaka akavunjwa pua. Jumamosi moja alikuja chuoni na pikapu ya duka. Alileta mpira wa manjano, mabomba ya plastiki na wavu wa samaki. Tukaunga magoli pale pale, yakaelea. Nikamwambia, "Mzee, mimi hata kuogelea sijui." Akanijibu, "Vizuri. Huna mabaya ya kusahau."

Mzee Kanti hakuwa anaingia majini, magoti yalishakataa. Alisimama ukingoni na sweta lake la kijivu, akinifokea mimi na vijana kwa pamoja. Alichonifundisha ni kingi, lakini kimoja ndicho nilichokitumia kila siku ya kazi yangu. Alisema, "Mwalimu, mbona unaangalia vichwa? Kichwa kinadanganya. Mtu anaweza kukutabasamia huku anakwenda chini. Angalia miguu." Ndiyo maana nilikuwa mkali kuhusu usafi wa maji. Maji yakiwa na ukungu huoni miguu, na usipoona miguu hujui nani anacheza na nani anakufa.

Kuhusu baridi mnaniuliza sana, kwa hiyo hili nalo nilimalize. Bwawa letu halina mashine ya kupasha maji. Tulilifunika kwa turubai jeusi kutwa nzima, jua likalipasha kidogo, na jioni tukalifunua na kuingia haraka kabla joto halijakimbia. Kidogo nilichosema ni kidogo kweli. Siku moja upepo wa Iringa uliling'oa turubai likapaa kuelekea bondeni, na tulilipata Ipogolo, kule chini kwenye barabara kuu, dereva wa lori la Zambia ameshafunikia mzigo. Ilibidi tumbembeleze. Alisema anadhani Mungu amemletea.

Sasa tumfikie Lusajo, maana huyo ndiye kipa mnayemcheka.

Lusajo alikuja kwetu kutoka Igawa, kule Mbarali kwenye mashamba ya mpunga, kusomea ualimu. Alikuwa mrefu, mwenye mikono ya kuangua nazi bila kupanda mnazi, na mpole mpaka unamwonea huruma. Jioni wakati wa mazoezi alikuwa anakuja kusimama nje ya uzio. Haingii, haondoki. Nikamwambia, "Wewe, uzio haumfundishi mtu. Ingia, au nenda kasome." Akavua viatu, akaketi ukingoni, akatumbukiza miguu. Niliona magoti yanatetemeka, na siku hiyo hata baridi haikuwepo.

Alijifunza kwa uoga, na aliyejifunza kwa uoga huwa anajifunza vizuri. Alisonga kuliko wote. Kifua chake kilitoka majini kama amesimama kwenye benchi. Nikamvalisha kofia nyekundu ya kipa.

Kwa nini alitetemeka, nilikuja kujua ndani ya basi. Tulikuwa tunakwenda Mbeya kucheza mechi za kirafiki na chuo cha huko. Basi liliposimama Igawa, vijana wote walikuwa wanagombania madirisha, huyu anataka karanga, yule mahindi ya kuchoma. Lusajo, ambaye ndiko kwao, alihamia viti vya upande wa pili na kujifunika koti usoni. Nikaenda kukaa naye. "Vipi, mwanangu, unadaiwa hapa?"

Akaniambia bila kulitoa koti. Alikuwa na kaka, Ambakisye. Siku moja baada ya kazi ya shambani Ambakisye alishuka kunawa kwenye mfereji mkubwa unaopeleka maji mashambani, akateleza, maji yakamchukua. Baba yao alikuwepo. Hakuna aliyejua kuogelea. Tangu siku hiyo, Lusajo alisema, nyumbani kwao hata ndoo ya kuogea baba haruhusu ijae.

"Na baba anajua kwamba unaogelea?"

"Anajua nacheza mpira, Mwalimu."

"Mpira!"

"Kwani si mpira?"

Jamani, nilicheka na nilitaka kulia kwa wakati mmoja. Nilimwambia amweleze baba yake mwenyewe kabla hajaelezwa na watu. Akaniahidi. Na ninyi vijana ahadi zenu nazijua.

Mwaka huo mashindano ya taifa yaliletwa Iringa kwa mara ya kwanza. Wakati tunajiandaa, binamu yake mmoja akaiona picha ya Lusajo mtandaoni, amevaa kofia nyekundu, maji mpaka kifuani, akairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Akaweka na vidole gumba vya kupongeza. Haukupita muda simu yangu ikalia.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye mimi. Habari za Igawa, Baba Lusajo?"

"Achana na habari za Igawa. Wewe ndiye unayemtia mtoto wangu majini?"

Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaanza kumweleza kuhusu afya, kuhusu usalama, maneno ya kwenye semina. Akanikatiza. "Mwalimu, mmoja maji yameshanichukulia. Huyu nilimleta kwenu asome. Sikumleta mmzamishe."

Nikaona maneno hayatasaidia. Nikamwambia, "Njoo uone kwa macho yako. Njoo na mama yake. Ukiona sivyo, ondoka naye, mimi sitakuzuia."

"Nitakuja. Na nikiona ameingia chini ya maji, naondoka naye siku hiyo hiyo."

Nilipokata simu ndipo akili ilipotua. Kipa gani wa polo asiyeingia chini ya maji? Anaingia kila mechi! Nikamwita Lusajo nikamwambia tuongee kiutu uzima, yeye ni mkubwa, ana haki ya kuchagua. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, baba akisema nitoke nitatoka, hata iwe katikati ya fainali. Alishakufa mara moja pale mferejini. Mimi siwezi kumuua tena."

Nikamwambia aende mazoezini.

Mashindano yakaja. Vyuo vya pwani, vya kanda ya ziwa, wenzetu wa Mbeya, bwawa likachangamka. Watazamaji walikuja na makoti na mablanketi, wauza chai na maandazi wakafurahi kuliko wote. Vijana wa pwani walipotumbukiza kidole cha kwanza majini walikirudisha kama wamegusa pasi. Mmoja akaniuliza kwa heshima zote kama kuna bwawa lingine. Lakini wakishaingia, wale watoto wanacheza, msidanganyike. Wamekulia baharini. Wao na sisi ndio tuliofika fainali.

Wazazi wa Lusajo walifika asubuhi ya fainali. Baba alikuwa mwembamba, amevaa koti refu jeusi lililomzidi mabega. Alinipa mkono, akasema "Nimekuja," akaenda kuketi benchi la juu kabisa, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti. Mama alikuwa mfupi na mwepesi, na kikapu chake kilikuwa na kila kitu. Nilitaka kukaa nao, lakini nikaitwa kwenye kikao cha marefa.

Nilirudi nikawakuta vijana wangu wanang'aa.

Sisemi wanang'aa kwa furaha. Wanang'aa kabisa, kuanzia paji la uso mpaka vifundo vya miguu, wamejipanga mstari, na Mama Lusajo anammalizia wa mwisho kwa kopo kubwa la mafuta ya mgando. "Mungu wangu! Mama Lusajo, unafanya nini?"

"Wewe ndiye unafanya nini, Mwalimu?" Alinijia juu na viganja vimejaa mafuta. "Unawatoa watoto wa watu vifua wazi kwenye ubaridi huu wa mwezi wa saba bila hata mafuta! Ngozi zimepauka kama wametoka kuchimba udongo! Nimonia itawaua kabla ya hayo maji yako."

Sisi wa huku juu tunaelewana. Hakuna mama wa Mbeya, wa Njombe wala wa Iringa anayemtoa mtoto nje asubuhi ya kipupwe bila kumpaka mafuta mpaka aakisi jua. Lakini kwenye polo ya majini mafuta mwilini ni marufuku, maana mpinzani akikushika unamponyoka kama kambale, na mpira wenyewe unakuwa haushikiki. Vijana wangu walilijua hilo fika. Nikamgeukia nahodha. "Na wewe! Mbona hukukataa?"

Akaniangalia, akamwangalia Mama Lusajo na lile kopo. "Mwalimu, wewe ungemkatalia?"

Nikaona kweli, nisingeweza.

Refa alikuja kukagua kucha, kama sheria inavyotaka, zisije zikachana watu. Alikuwa Mpwani, mtu wa taratibu. Akamshika Lusajo begani, mkono ukateleza mpaka kwenye kiwiko. Akanusa vidole.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Mafuta."

"Ya nini?"

"Ya mama."

Hakucheka. Akasema hakuna atakayeingia majini mpaka yatoke, na wakichelewa mechi ni ya wapinzani. Basi hapo ndipo mngetuona! Tukakimbilia bafuni, maji ya baridi na sabuni ya kipande, na nyie mnajua mafuta ya mgando na maji ya baridi hayajuani. Yalizidi kuganda. Mpishi wa chuo alikuwa anachungulia dirishani kwake. Akatoka na ndoo ya majivu ya jikoni. Aliyekuwa wa kwanza kupandisha mikono ya sweta ni Mama Lusajo mwenyewe. Aliyapaka sasa anayatoa, aliwasugua kwa majivu kama masufuria ya msibani, analalamika, anawaombea, anawaita wanangu, wanangu. Wakasuuzwa. Refa akapitisha mkono tena, akaitikia kwa kichwa.

Nikatupa jicho benchi la juu. Baba Lusajo alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja na lile koti linatikisika. Alikuwa anacheka! Nikajisemea, afadhali, labda Mungu ametufungulia mlango.

Mechi ilikuwa ngumu, na sitawachosha. Wapwani walikuwa na mtu wao wa katikati, bonge la kijana, akikulalia unajua umelaliwa. Walitangulia. Tukasawazisha. Wakatangulia tena, tukasawazisha tena. Lusajo alidaka mipira ambayo mimi mwenyewe nilishaihesabia goli. Nilimwangalia yeye kwa jicho moja na baba yake kwa jingine. Kila mpira ulipopigwa, mzee alinyanyuka kidogo kwenye benchi. Alikuwa anashuka safu moja moja, nadhani hata mwenyewe hakujua. Kipindi cha mwisho kilipoanza, alikuwa ameketi benchi la chini kabisa, nyuma ya goli la mwanawe.

Tukiwa sare, mchezo unaelekea ukingoni, yule bonge akapata mpira karibu kabisa na goli. Akajiinua, akapiga. Lusajo akaruka kwa mikono yote miwili akauzuia, na bonge kwa kasi ile ile akamwangukia. Wakaenda chini wote wawili, na mpira pia.

Baba Lusajo alikuja mbio na viatu vyake. Mkewe alimshika koti, akamponyoka. Akapiga magoti ukingoni, sehemu yenye kina, uso umekauka kama amekufa yeye. Niliacha timu yangu, niliacha fainali, nikakimbia nikapiga magoti pembeni yake.

"Baba Lusajo! Usitafute kichwa. Angalia miguu. Iangalie miguu!"

Maji yalikuwa safi. Tuliiona yote, mkanganyiko wa miguu ya wale wawili, kisha bonge akajitoa pembeni, ikabaki miguu mirefu ya Lusajo, inasonga. Mmoja huku, mwingine kule, bila haraka. Mzee aliiona. Najua aliiona kwa sababu alisema kwa Kinyakyusa, polepole, "Anatembea." Lakini mkono wake ulikuwa umeshanyooka juu ya maji, umenyooka mpaka bega, na haukurudi.

Lusajo akaibuka na mpira mkononi. Akamwona baba yake amepiga magoti, amemnyooshea mkono.

Sasa itazameni tena hiyo video. Aliyeipiga alikuwa upande wa pili, kwa hiyo mzee hayumo. Lakini kwenye kona ya chini utauona mkono wa koti jeusi. Mnauona? Huyo ndiye aliyekuwa anaongea naye. Na mimi nilikuwa hapo hapo, maneno yake niliyasikia kwa masikio yangu. Alisema, "Baba, nipo. Nipo juu. Nipo, Baba."

Basi. Mengine mnayajua, maana ndiyo mnayoyachezea muziki. Mpira ukapigwa kibao, goli, na muda ukatuishia. Wapwani wakaondoka na kombe.

Nahodha wangu alimfuata Lusajo ukingoni akitoa moto puani. "Ulikuwa unaongea nini wewe? Na nani?" Mimi kwa kawaida ningekuwa nimeshawasha wangu, wanaonijua wanajua. Siku hiyo nilimshika tu nahodha mkono nikamgeuza amwone mzee, ambaye bado alikuwa amepiga magoti pale pale, pindo la koti limelowa. Nahodha akanywea. Akaenda kumwinua.

Nilichukua chai nikaketi naye. Alishika kikombe hakunywa. Akaniambia, "Mwalimu, siku ile nilikimbia ukingoni mwa mfereji nimemnyooshea mpini wa jembe. Alikuwa ananitazama usoni. Nilidhani anaweza, maana kichwa kilikuwa juu. Nilimwona usoni mpaka mwisho. Mpini haukumfikia." Akakiweka kikombe chini. "Kumbe ni miguu. Hakuwa na miguu hiyo. Na mimi sikuwa nayo, kwamba ningemfuata."

Nililia. Sioni aibu kuwaambia. Nililia mbele ya mzazi, na skafu ya chuo shingoni.

Lusajo alikuja akiwa amevaa nguo zake, begi mgongoni, amefunga kila kitu chake. Alikuwa amejiandaa kuondoka. Baba yake alikuwa amesema akimwona ameingia chini ya maji anaondoka naye, na alimwona. Kijana akasimama mbele yetu na kuinamisha kichwa. "Baba, niko tayari."

Mzee akamtazama miguu kwanza, halafu ndiyo akapandisha macho. Kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, mtu mzima anafundishika?"

"Kufundishwa nini, Baba Lusajo?"

"Hiyo. Kutembea majini."

Lusajo alidondosha begi.

Wapwani walikuwa wameshapanda basi lao na mabenchi yako wazi. Turubai lilikuwa halijatandikwa. Tulimpeleka upande wa maji mafupi, kaptula ya kuazima imefungwa kwa kamba, na kifua chake kimejaa vipele vya baridi. Nilimkalisha kwanza kwenye kigoda azungushe miguu hewani, kama wote. Lusajo aliingia majini akamsubiri. Mzee akasimama, akasogea kwenye ngazi, akaanza kutetemeka magoti, na nikakumbuka magoti mengine.

"Subiri kwanza!" Mama Lusajo huyo, na kopo lake.

"Mama Lusajo," nikamwambia, "hatujajifunza tu?"

"Refa ameshaondoka," akanijibu. Akampaka mumewe mgongo, mabega, mikono yote mpaka vidoleni, bila haraka, huku mzee amesimama kimya kama mtoto anayetolewa kwenda shule. Alipomaliza akampiga kofi dogo begani. "Haya. Nenda kwa mwanao."

Akashuka ngazi. Maji yalipomfika kiunoni alisimama, akafumba macho, akanyoosha mkono mbele yake, ule ule.

Lusajo akaudaka. Ukateleza kwa yale mafuta, akaudaka tena, safari hii kwa mikono yote miwili, kama kipa.